Barua ya wazi kwa wakuu wa jiji: mtaro mnauzibua, taka haziondoki

Kwa Mheshimiwa Meya,
Kwa Mkurugenzi wa Jiji,
Kwa wakuu wa idara za barabara, mifereji ya mvua, usafi na mazingira,

YAH: TAKA NGUMU KATIKA MITARO YA MVUA NA MITO YA JIJI

Waheshimiwa,

Salamu kwanza. Nawaandikia hadharani kwa sababu njia ya faragha imenishinda. Nimeandika barua tatu na zote zilipokelewa kwa muhuri. Ya kwanza haikujibiwa. Ya pili ilijibiwa kwamba mtaro ni mali ya idara ya barabara, hivyo niende huko. Nilikwenda. Idara ya barabara ikanieleza, kwa heshima zote, kwamba mtaro kweli ni wao, ila kilichomo mtaroni ni taka, na taka ni za idara ya usafi. Barua ya tatu nikaipeleka kwa idara zote mbili siku moja. Tangu siku hiyo, nadhani, kila mmoja anamsubiri mwenzake aanze kunijibu.

Naishi kando ya mtaro mkubwa unaopeleka maji ya mvua mtoni. Sina cheo, wala si mhandisi. Nina dirisha tu linaloutazama, na dirisha hilo limenifundisha jambo ambalo sidhani linaonekana kutoka ofisini. Mnawalipa watu watoe uchafu mtaroni. Uchafu unaachwa palepale ukingoni. Mvua inaurudisha. Mnawalipa tena. Kuna beseni jekundu lililotoboka kitako ambalo nimeliona likitolewa kwenye mdomo wa kalavati mara tatu. Nalijua kwa ufa wake. Mara ya tatu hata kijana aliyelitoa alilitambua. Alilinyanyua juu akawaonyesha wenzake, wakacheka, kisha akalitupa juu ya rundo lilelile.

Wazee waliiita kazi ya namna hii kuchota maji kwa pakacha. Tofauti ni kwamba mchotaji wao hakuwa anaidai halmashauri malipo kila pakacha linapozama.

Nayaweka malalamiko kwa namba, ili atakayejibu aseme bayana anajibu lipi.

1. Taka zikishatolewa mtaroni hazizolewi

Kikosi cha kuzibua huja na koleo, majembe na buti. Naomba barua hii isisomwe kama lawama kwao. Wengine huingia kwenye maji yale bila glavu. Wanatoa tope, chupa, vifuko, viatu, matawi, siku nyingine hata godoro, wanalundika ukingoni na kuondoka.

Nilipouliza kwa nini rundo linabaki, nikaambiwa tope lazima likauke kwanza. Hoja hiyo ina ukweli wake. Tope bichi ni zito, linavuja njia nzima, na gari likilibeba linasafirisha maji kuliko taka. Lakini kukauka ni suala la siku chache za jua, na rundo la nyuma ya nyumba yangu limekaa mpaka limeota nyasi. Kabla hata halijakauka, upepo ulikuwa umeshachukua vifuko. Mvua iliyofuata ikachukua chupa. Iliyofuata hiyo ikachukua tope lenyewe pamoja na beseni.

Kadiri nilivyoweza kuelewa kwa kuzungumza na wafanyakazi, kiini kiko kwenye mkataba. Mkandarasi wa kuzibua analipwa kwa mita za mtaro aliousafisha. Kubeba ni kazi ya mkataba mwingine, wa mtu mwingine, wenye ratiba nyingine. Kwa hiyo kila mmoja ametimiza wajibu wake na mtaro umejaa.

Msiharakishe kubadili malipo yawe kwa uzito peke yake, maana huko nako kuna ujanja: mkandarasi atabeba tope linalochuruzika ili mizani ipande. Mumbai, mji wa India ambao kila mwaka huondoa tope mitaroni kabla ya msimu wa mvua, uligundua katika uchunguzi wa mwaka 2015 kwamba kumbukumbu za safari za magari ya tope zilikuwa na udanganyifu. Kwa maoni yangu viunganishwe vyote viwili: mita zisihesabiwe kuwa zimesafishwa mpaka risiti ya dampo iwepo, na mpaka mtu wa ofisi ya mtaa aukute ukingo ukiwa mtupu.

2. Ufagio unaishia mtaroni

Alfajiri mfagiaji hukusanya vumbi, majani, vichungi vya sigara na vifuniko vya chupa mpaka ukingo wa barabara. Pale ukingoni ndipo lilipo tundu la kuingizia maji. Hana toroli. Pipa la karibu limejaa na halina kifuniko. Gari la taka hakuna ajuaye litapita lini. Mnadhani atafanya nini? Nimemwona mmoja akitazama kushoto, akitazama kulia, kisha akisukuma kila kitu tunduni kwa mkupuo mmoja. Sikumlaumu. Ningekuwa mimi huenda hata nisingetazama.

Wakazi nao ndivyo. Gari likikosa zamu moja, taka zinabaki ndani. Likikosa mbili, zinatoka nje zitafute mahali pasipo na mwenyewe wa kugomba, na mahali pa namna hiyo katika mitaa mingi ni ukingo wa mtaro. Nawaomba mlitafakari hili kabla ya kutangaza zabuni ya kifaa chochote: ratiba ya gari la taka ndiyo chujio la kwanza la mtaro. Kama gari halipiti siku lililoahidiwa, wavu wowote mtakaoufunga utajaa kwa wiki moja.

3. Kazi inaanza mvua ikishanyesha

Siku za jua taka hukaa kwenye matundu na mitaroni zikisubiri. Mvua kubwa ya kwanza baada ya ukavu mrefu ndiyo inayozikokota, na ndiyo inayopeleka mtoni mzigo mchafu kuliko mvua zinazofuata. Wahandisi wenu wanalijua hili vizuri kuliko mimi. Hata hivyo vikosi huonekana mtaani baada ya mafuriko, wakati mzigo umeshafika mtoni na kilichobaki nyuma ni kile kilichong'ang'ania kalavati.

Hapa pana jambo ambalo wakazi wengi hawajaambiwa, nami sikulijua mpaka nilipohamia kando ya mtaro. Nilidhani maji yanayoingia kwenye tundu la barabarani hupita mahali fulani yakachujwa. Katika miji mingi hayapiti popote. Mfumo wa maji ya mvua na mfumo wa maji taka ni vitu viwili mbalimbali, na ule wa mvua humwaga mtoni au baharini chochote kilichoingia, kama kilivyo. Miji mikongwe kama London na Paris ina sehemu kubwa yenye bomba moja linalobeba vyote viwili hadi kwenye mtambo wa kusafishia, lakini hata huko mvua ikizidi uwezo wa bomba, mchanganyiko humwagwa mtoni. Kichungi cha sigara kikidondoka tunduni kimeshaanza safari ya mtoni. Mngeandika maneno hayo kwa rangi kando ya kila tundu, kama miji kadhaa ilivyofanya. Kopo la rangi si mradi mkubwa.

Najua pia mipaka ya hoja yangu. Tarehe 26 Julai 2005 Mumbai ilipata milimita 944 za mvua ndani ya saa 24. Hakuna mtaro ambao ungeibeba mvua hiyo, na atakayesema mifuko ya plastiki ndiyo iliyoizamisha Mumbai peke yake atakuwa anatia chumvi. Lakini mitaro iliyokabwa na plastiki ilitajwa miongoni mwa sababu za maji kukawia kuondoka, kiasi kwamba jimbo la Maharashtra, uliko mji huo, lilitangaza kupiga marufuku mifuko mwaka uleule. Accra nako, usiku wa tarehe 3 Juni 2015, watu walikimbilia kituo cha mafuta kujikinga na mvua na mafuriko. Kituo kikalipuka, na zaidi ya watu 150 walipoteza maisha katika mkasa ule wa maji na moto. Mitaro iliyojaa taka ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyolaumiwa. Sizitaji habari hizi kuwatisha. Nazitaja kwa sababu majibu niliyopewa ofisini yanazungumzia mtaro kana kwamba ni suala la mandhari na harufu.

4. Hakuna kinachozuia taka mlangoni

Vyuma vya tundu lililo mbele ya nyumba yetu vimeachana kiasi kwamba chupa ya lita moja na nusu inapita ikiwa imelala. Nimeijaribu mwenyewe, kisha nikalazimika kuiopoa kwa fimbo. Kilichobuniwa kuzuia magurudumu na miguu kisihesabiwe kuwa kinazuia taka.

Mwaka 2001 wasimamizi wa ubora wa maji wa eneo la Los Angeles, Marekani, waliweka kikomo cha taka zinazoruhusiwa kuingia katika Mto Los Angeles: sifuri. Kesi zikafunguliwa, kanuni ikarudiwa mwaka 2007, lakini kikomo hakikubadilika. Kazi ikabidi ifanyike kwenye matundu ya barabarani, maelfu kwa maelfu. Vifaa ni vya kawaida sana. Cha kwanza hukaa kwenye mdomo wa tundu, usawa wa barabara. Siku za ukavu kimefunga, hivyo taka zinabaki barabarani zikisubiri ufagio. Maji yakipanda ukingoni yanakisukuma kinafunguka, barabara isifurike. Cha pili kimo ndani ya shimo: bati la chuma kisichoshika kutu, lenye matundu madogo, limesimama mbele ya bomba la kutokea, na juu yake imeachwa nafasi ili maji yakizidi yapite juu bila kurudi barabarani.

Kinachonivutia katika habari hiyo ni kipimo kuliko vyuma vyenyewe. Kule California, jimbo iliko Los Angeles, kifaa hakihesabiwi kuwa kamili mpaka kinase kila kitu kisichoweza kupita kwenye wavu wa milimita 5, katika mvua ya saa moja ya ukubwa unaotarajiwa mara moja kwa mwaka. Mkaguzi anaweza kwenda na rula. Linganisheni na mpango wetu unaosema jiji "litaendelea kuboresha hali ya usafi wa mitaro". Rula gani itapima kuendelea kuboresha?

Njia nyingine ni kunasa taka mwisho wa bomba. Mwaka 2018 picha za manispaa ya Kwinana, Australia Magharibi, zilizunguka dunia zikionyesha nyavu ndefu zilizofungwa kwenye midomo ya mabomba ya mvua, zimejaa kama magunia. Kila aliyeziona aliuliza kwa nini kwao hakuna. Ambacho watu hawakukitazama ni gari lenye kreni linalokuja kuzinyanyua nyavu, kuzimwaga na kuzirudisha. Kazi yenyewe ndiyo hiyo. Siku ya kufunga wavu ni ya kamera. Wavu unaendeshwa na dereva, fundi na kalenda.

Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu mmoja wa wahandisi wenu aliniambia ana kwa ana kwamba machujio huleta mafuriko. Nilimwelewa. Chujio lililojaa lisipomwagwa linarudisha maji barabarani, na hapo heri lisingekuwepo. Tena kinacholijaza zaidi mara nyingi ni majani, si plastiki. Mtaa wenye miti utahitaji kumwagiwa chujio mara nyingi kuliko mtaa usio nayo. Lakini hoja yake inathibitisha kwamba hatuna utaratibu wa kumwaga. Haithibitishi kwamba chujio ni kosa.

5. Mchanga

Kwa uzito, sehemu kubwa ya kinachotolewa mtaroni hapa kwetu ni mchanga na udongo. Unatoka kwenye barabara zisizo na lami na kwenye marundo ya wajenzi yaliyomwagwa kando ya barabara bila kizuizi. Mchanga hutuama, vifuko hunasa ndani yake, mchanga mwingine hunasa juu ya vifuko, na baada ya misimu miwili kuna kitu kigumu ambacho koleo hudunda. Vibali vya ujenzi mnatoa ninyi. Sharti la kulizungushia rundo la mchanga matofali na kulifunika turubai halihitaji fedha ya jiji hata kidogo.

6. Mifuniko isiyofunguka

Sehemu ya mtaro wetu ilifunikwa kwa zege, na siku ya uzinduzi tulipiga makofi. Mabamba yalimwagwa papo hapo, mazito, hayana vishikio, mengine yameunganishwa kwa saruji. Tangu hapo hakuna aliyeona ndani. Maji yaliyosimama chini yake ni makazi ya Culex, mbu anayestawi kwenye maji machafu. Tukiambiwa mtaro sasa ni safi kwa sababu taka hazionekani, tutakuwa tumedanganyana.

7. Mtaro hauna mwenyewe

Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama. Sisi shida yetu ni kinyume: manahodha wapo, lakini hakuna anayekiri kwamba usukani uko mkononi mwake. Mwili wa mtaro una idara yake, taka zilizomo zina idara nyingine, mto unakoishia una mamlaka ya tatu, na ukingo ninapoishi, niliambiwa, "una utata wa mpaka". Nilicheka nilipoambiwa hivyo. Baadaye nikaona kwamba hiyo ndiyo sentensi ya kweli kuliko zote nilizopata kwenye zile ofisi.

Waheshimiwa, nimeshazunguka vya kutosha kujua majibu yatakayokuja. Naomba niyatangulie.

Mtasema wananchi hawana ustaarabu. Wapo wasio nao, na atakayekamatwa akimwaga taka mtaroni apigwe faini, hata akiwa jirani yangu. Lakini angalieni Singapore. Februari 1977 Waziri Mkuu Lee Kuan Yew aliwapa watendaji wake miaka kumi wausafishe Mto Singapore na Bonde la Kallang. Faini zilikuwepo, na zilikuwa kali. Hata hivyo kazi kubwa ilifanyika nchi kavu: wachuuzi wa barabarani waliokuwa wakimwaga mabaki mitaroni walipewa masoko yenye maji ya bomba na mifereji ya maji taka, mazizi ya nguruwe na bata yakaondolewa kwenye vyanzo vya maji, familia zilizokuwa kwenye vibanda visivyo na vyoo zikahamishiwa kwenye nyumba. Si kila aliyehamishwa alifurahi, nami nisingependa mtu afukuzwe kwa jina la usafi. Ninachokitaka kutoka kwenye mfano huo ni mpangilio wake: mchuuzi alionyeshwa kwanza pa kumwagia, ndipo akakatazwa mtaro.

Mtasema tumeshapiga marufuku mifuko ya plastiki. Rwanda ilipiga marufuku mwaka 2008, Kenya 2017, Tanzania 2019, na anayesafisha mitaro anajua faida yake. Bangladesh ilitangulia wote mwaka 2002, hasa kwa sababu mifuko ilikuwa imeziba mifereji katika mafuriko ya 1988 na 1998. Mpaka leo mifuko inauzwa huko kwa sababu usimamizi ulilegea. Marufuku bila mkaguzi ni tangazo la ukutani. Tena mfuko ukitoweka chupa inabaki. Kwa chupa kuna dawa iliyojaribiwa muda mrefu: mnunuzi anaacha amana kidogo na kurudishiwa akirudisha chupa. Jimbo la Oregon, Marekani, lilipitisha sheria hiyo mwaka 1971, Ujerumani ikaanza amana ya vyombo vya kutumia mara moja mwaka 2003. Chupa yenye thamani haifiki mtaroni. Ikifika, kuna mtu atashuka kuifuata. Sheria hiyo si ya ngazi yenu, najua. Lakini takwimu za kuidai ni zenu, na hamna, kwa sababu hakuna anayehesabu kinachotolewa mtaroni.

Mtasema vyuma vinaibwa vikauzwe kwa vyuma chakavu. Ni kweli, na shimo lililo wazi usiku ni hatari kuliko taka. Zege lenye nafasi nyembamba halina mnunuzi. Bawaba na kufuli pia husaidia. Na wanunuzi wa vyuma chakavu wana leseni zenu. Mfuniko wenye nembo ya jiji ukikutwa kwenye mizani ya mmoja wao, leseni inajulikana iko wapi.

Mtasema kuna siku ya usafi kila mwezi. Nimeshiriki. Tulivaa fulana, tukapigwa picha, mgeni rasmi akaokota chupa mbili, na rundo letu likaachwa ukingoni jirani na lile la kikosi. Sina zaidi la kusema juu ya siku hiyo.

Na mwisho mtasema, kama nilivyodokezwa, kwamba jiji linatafuta mfadhili wa mashine kubwa ya kunasa taka mtoni. Mashine hizo zipo na zinafanya kazi. Baltimore, mji wa jimbo la Maryland, Marekani, ina gurudumu lililowekwa mwaka 2014 kwenye mdomo wa mto Jones Falls, linaloitwa Mr. Trash Wheel na kupachikwa macho makubwa ya kuchekesha. Vizuizi vinavyoelea hukusanya taka, mkondo wa maji na umeme wa jua huzungusha mkanda, taka hupanda mpaka kwenye kontena. Limeshatoa tani na tani. Wanaoliendesha wakapata pia orodha ya vilivyomo, na orodha hiyo ilikuwa sehemu ya hoja za kudai vyombo vya chakula vya plastiki ya povu vipigwe marufuku. Maryland ilipitisha sheria yake mwaka 2019. Amsterdam nako, tangu 2019, bomba lenye matundu limelazwa chini ya mfereji, linatoa pazia la mapovu linalosukuma taka pembeni, na boti na samaki wanapita bila shida.

Lakini mashine inayokaa mwisho wa mto inapokea makosa ya jiji zima kwa siku moja. Mwaka 2022 shirika la The Ocean Cleanup lilijenga uzio wa chuma kwenye Mto Las Vacas nchini Guatemala. Mafuriko yalipokuja na mlima wa taka, msukumo ulikuwa mkubwa mno, msingi ukachimbwa na maji na uzio ukashindwa. Walirudi mwaka 2023 na vizuizi vya aina nyingine. Sichukui hilo kuwasuta. Walijaribu mahali pagumu na wakasema wazi kilichotokea. Nalileta kwa sababu sisi tunataka kuanzia mwisho wa mto wakati rundo la nyuma ya nyumba yangu, ambalo gari moja lingelibeba kwa nusu siku, linasubiri mvua. Mkipata mfadhili, karibuni. Mwambieni aje na fedha za kuiendesha mashine miaka kumi, si za kuinunua tu.

Baada ya hayo, ninachoomba ni hiki.

(a) Mtajwe kwa cheo ofisa mmoja anayewajibika kwa mtaro wote, kuanzia tundu la barabarani mpaka unapoingia mtoni, kilichomo ndani na kilichopo ukingoni. Namba ya simu ya ofisi yake ibandikwe kwenye kila kalavati.

(b) Mkataba wa kuzibua na wa kubeba uwe mmoja, na malipo yasitoke bila risiti ya dampo na uthibitisho wa ofisi ya mtaa.

(c) Ratiba ya kuzibua itangazwe kwa tarehe, na imalizike kabla ya mvua. Vilevile ratiba ya gari la taka, na likikosa zamu tuambiwe litakuja lini.

(d) Kila mfagiaji apewe toroli na mahali pa kumwagia. Hili linaweza kuanza kesho.

(e) Mchague mitaa michache iliyo karibu na mto, mfunge machujio yenye njia ya maji ya ziada, mpange siku za kuyamwaga, na mwandike kila kinachotoka humo. Baada ya msimu mmoja mtuonyeshe daftari, zuri au baya. Mkishindwa kuyamwaga, yaondoeni, lakini mtuambie kwamba mmeshindwa.

(f) Mabamba ya zege yabadilishwe pole pole yawe yanayofunguka, mkianza na yaliyo juu ya makalavati.

Kwa upande wetu, wakazi wa ukingo huu tumekubaliana kusafisha matundu yaliyo mbele ya nyumba zetu na kuziweka taka kwenye viroba vilivyofungwa, ili anayekuja kubeba asipate kisingizio. Miji mingine huwapa wakazi tundu la kulea, jina likaandikwa na ofisi ikajua nani wa kumpigia simu mvua ikikaribia. Tuko tayari kuandikwa. Hatuko tayari kuingia ndani ya kalavati. Hiyo ni kazi ya mtu aliyefunzwa, mwenye vifaa na bima.

Naomba jibu la maandishi ndani ya siku 30, hoja kwa hoja, lenye jina la cheo kinachojibu. Kama kuna niliyoyakosea, nirekebisheni hadharani nami nitakiri hadharani. Na kabla hata hamjajibu, tumeni gari. Rundo liko upande wa kushoto wa kalavati, mkitokea barabarani. Beseni jekundu liko juu yake, na jana jioni mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika upande wa mlimani.

Wenu kwa heshima,

Mkazi wa kando ya mtaro

Nakala:
Waheshimiwa madiwani wote
Vyombo vya habari
Wakazi wenzangu, bondeni na mlimani